Hesabu ya mpigo wa mwanga: unga kidogo, koroga kidogo

Kalamu ya leza niliyoinunua Mwanjelwa ina tabia moja: asubuhi za Julai haitaki kazi. Naingia darasani saa moja na nusu, baridi ya Mbeya imeshika madirisha, nabonyeza kitufe nioneshe mchoro ubaoni, na kile kidoa cha kijani ambacho mchana huwaka vikali kinatoka hafifu, unakitafuta kwa macho. Wanafunzi wanacheka. Naiweka kwapani dakika mbili tatu, naitoa, inawaka.

Siku moja nikaona nisikiache kicheko kile kipotee bure. Nikawaambia kidato cha sita kwamba ndani ya kalamu ile hakuna leza ya kijani. Kuna leza isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, inayopita kwenye kipande cha fuwele (kristali) kidogo kuliko punje ya mchele na kutokea upande wa pili ikiwa nanomita 532, nusu kamili. Hiyo ndiyo kijani tunayoiona. Zipo kalamu za siku hizi zenye diodi (kijidude cha umeme kinachotoa mwanga) inayotoa kijani moja kwa moja, lakini yangu ni ya mtindo wa zamani, na baridi inaisumbua hasa kwa sababu diodi inayoilisha leza ya ndani hubadili rangi yake kidogo joto linaposhuka, ikawa haipokelewi vizuri. (Na kwa kuwa nimeitaja: usimmulike mtu machoni kwa kalamu hizi. Za bei rahisi huvujisha pia ule mwanga usioonekana, na jicho halijui kufumba mbele ya kisichoonekana.)

Msichana wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mwanga umeingia wa aina moja, umetoka wa aina nyingine, na hujaongeza kitu. Rangi mpya imetoka wapi?"

Swali hilo, ukilifuata hadi mwisho, linakufikisha kwenye hesabu zinazowakosesha usingizi watu wazima: kutabiri kwa kompyuta yatakayoupata mpigo wa leza, yaani mwako mmoja wa mwanga, mfupi kupita kiasi, unapopenya fuwele. Nahangaika nazo jioni kwa jioni kwenye laptop yangu, kwa ajili ya shahada ya pili, na nimefikia maoni kwamba ugumu wake hauko pale watu wanapoudhania. Kila kipande cha hesabu hiyo, kikiwa peke yake, mwanafunzi mzuri wa kidato cha sita anakimudu. Kinachosumbua ni kwamba vipande vyote vinatokea kwa wakati mmoja, na kila kimoja kinamvuruga mwenzake.

Tuanze na rangi mpya. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, na unapopita ndani ya kitu unazitikisa elektroni zake. Elektroni imeshikwa na atomu yake kama vile kwa springi. Ukiivuta kidogo inajibu kidogo, ukiivuta mara mbili inajibu mara mbili, na ikitikisika kwa masafa fulani, yaani idadi fulani ya mitikisiko kwa sekunde, inatoa mwanga wa masafa yaleyale. Jua la saa sita mchana lina uga wa umeme (nguvu inayozisukuma elektroni) usiofika volti 1,000 kwa mita. Uga unaoishikilia elektroni ndani ya atomu ni kama volti bilioni 500 kwa mita. Ni nzi aliyetua kwenye springi ya Fuso. Leza iliyokusanywa mahali padogo inaweza kufikisha volti bilioni moja kwa mita, na hapo springi inaanza kuonyesha kasoro zake: ukiivuta mara mbili haijibu mara mbili kamili. Jibu lake lina kipande cha ziada kinachofuata mraba wa uga.

Hapo nikageukia ubao na kuandika kitu ambacho darasa zima lilishakikariri kwa ajili ya mtihani:

cos²A = ½(1 + cos 2A)

Wimbi likiwa cos A, mraba wake una cos 2A ndani yake. Lile 2 lililokaa mbele ya A ndilo kijani ya kalamu yangu. Masafa yamezidi mara mbili, kwa hiyo urefu wa wimbi umepungua nusu, 1064 ikawa 532. Hakuna kilichoongezwa kutoka nje. Nishati iliyoko kwenye kijani imechotwa kwenye ule mwanga usioonekana.

Si kila kitu kinaweza kufanya hivyo. Fikiria mwanzi wa ulanzi uliosimama umegusana na ukuta. Ukiusukuma upande wa wazi unainama kirahisi, ukiusukuma upande wa pili ukuta unauzuia. Fuwele kama kwatzi imejengwa hivyo, ina upande mlaini na upande mgumu. Kioo cha kawaida na maji havina upande, na hapo kipande cha mraba hakiwezi kuwepo hata ufanyeje. Sababu yake ni fupi na tamu: kwenye kitu kisicho na upande, ukigeuza mwelekeo wa kusukuma, jibu lazima ligeuke nalo. Lakini mraba wa hasi ni chanya, haugeuki. Basi kipande hicho ni sifuri, na kinachobaki ni kile cha mchemraba, ambacho ni dhaifu zaidi. Tutakirudia, maana ndicho chenye visa.

Leza ya kwanza ilimulika Mei 1960, kwa mikono ya Theodore Maiman huko Marekani. Mwaka mmoja tu baadaye, 1961, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliipitisha leza ya rubi yenye nanomita 694.3 ndani ya kwatzi, na kwenye bamba la picha wakapata kidoa kidogo mno kwenye nanomita 347.2. Makala yao ilipochapishwa, kidoa chenyewe hakikuonekana. Inasimuliwa kwamba aliyekuwa akiandaa picha alidhani ni uchafu, akaufuta. Ugunduzi ukatoka na mshale unaoelekeza mahali patupu.

Kidoa kilikuwa hafifu kwa sababu ambayo mtu yeyote aliyewahi kusukuma lori la viazi lililokwama Umalila ataielewa. Watu ishirini wakisukuma kila mmoja kwa wakati wake, lori halitoki. Anahitajika mtu wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Ndani ya fuwele, kila tabaka linazalisha mwanga wake mpya, lakini mwanga mpya na mwanga mama haviendi kwa kasi moja. Mwanga uliozaliwa mwanzoni mwa fuwele unapofika katikati unakuta unaozaliwa pale uko kwenye hatua tofauti ya wimbi, mmoja unapanda na mwingine unashuka, wanafutana. Mikromita chache mbele wanajengana tena, kisha wanafutana. Mwaka 1962 Nicolaas Bloembergen na wenzake waliandika milinganyo ya mawimbi haya yanayopeana nishati, na Nobeli ya 1981 ilimfikia kwa kazi za namna hiyo. Mwaka huohuo wa 1962 ikapatikana hila ya kuhesabu moja-mbili-tatu: baadhi ya fuwele zina kasi mbili za mwanga kutegemea wimbi linatikisika kwa mwelekeo upi, na ukiikata fuwele kwa pembe sahihi, mwanga mama na mwanga mtoto wanakwenda hatua kwa hatua. Kwa fuwele inayoitwa BBO, ukitaka kuigeuza nanomita 800 kuwa 400, pembe hiyo ni digrii 29 na kidogo. Kosea kidogo tu na nguvu inaanguka.

Mpaka hapa leza inaweza kuwa ya kuwaka mfululizo, kama kalamu yangu. Sasa tuikate vipande.

Femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 15. Watu hupenda kulinganisha na umri wa dunia. Mimi napenda kulinganisha na unywele. Katika femtosekunde 100 mwanga unakwenda milimita 0.03 tu. Mpigo wa muda huo, kama ungeweza kuusimamisha hewani, ni kijikaratasi cha mwanga chembamba kuliko unywele wa kichwani. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, aliitumia mipigo ya aina hii kutazama molekuli zikiachana na kuungana, na mwaka 1999 akapata Nobeli ya kemia.

Tuseme mpigo huo una nishati ya milijuli 1. Hiyo ni nishati ya kuinua punje moja ya mahindi kwa urefu wa rula ya shule. Si kitu. Lakini imetolewa yote ndani ya femtosekunde 100, kwa hiyo nguvu yake kwa kitambo hicho ni gigawati 10. Bwawa la Julius Nyerere, mashine zake zote zikizunguka, ni megawati 2,115. Punje ya mahindi inalizidi bwawa lile karibu mara tano, kwa muda ambao hata neno kitambo ni refu mno kwake.

Ufupi una bei yake. Mtu akipuliza filimbi kwa muda mrefu, unasikia noti moja. Akipiga ngoma pigo moja kavu, huwezi kusema ni noti gani, zimo nyingi. Mwanga nao ni hivyohivyo. Mpigo wa femtosekunde 100 wenye rangi ya katikati ya nanomita 800 unabeba upana wa rangi wa kama nanomita 9. Ukiufupisha hadi femtosekunde 10, upana unakuwa kama 94. Hakuna ujanja wa kulikwepa hili. Ni hesabu tupu.

Na rangi nyingi ndani ya kioo au fuwele maana yake ni kasi nyingi. Aliyewahi kusafiri kutoka Dar kuja huku anaijua Kitonga. Magari yametoka Ruaha Mbuyuni yakiwa yamegusana: IST, basi, Fuso la mbao linalorudi tupu, semi lenye shehena ya Zambia. Yakianza kupanda, IST inapotea kwenye kona ya pili, basi linafuata, semi linabaki linanguruma gia ya kwanza. Juu Ilula mtu aliyekaa pembeni ya barabara ataona msafara umerefuka dakika nzima na zaidi, wepesi mbele, wazito nyuma. Hakuna gari lililopotea. Kwenye kioo cha kawaida, nyekundu ndiyo IST na bluu ndiyo semi. Kurefuka huku tukuite mtawanyiko.

Ukubwa wa mtawanyiko unategemea sana ufupi wa mpigo ulioanza nao, na hapa ndipo namba zinaposhtua. Chukua kioo safi cha silika chenye unene wa milimita 5, unene wa kioo cha meza. Mpigo wa femtosekunde 100 ukiingia, unatoka ukiwa 100.1. Hujagundua kitu. Mpigo wa femtosekunde 10 ukiingia kwenye kioo kilekile, unatoka ukiwa kama 51. Umerefuka mara tano kwa kupita kwenye kitu ambacho jicho linakiona hakina kitu. Wenye maabara za leza hizi huogopa kila lenzi, kila dirisha, hata hewa ikiwa ndefu.

Kipande cha pili ni kile cha mchemraba nilichokiacha njiani. Matokeo yake ni kwamba kasi ya mwanga ndani ya kitu inategemea ukali wa mwanga wenyewe. Kwa kawaida tunafundisha kwamba kioo kina namba yake ya kuchelewesha mwanga, tuiite n, na namba hiyo haibadiliki. Kumbe sahihi ni

n = n₀ + n₂ × I

ambapo I ni ukali. Kwa silika n₂ ni kama 2.7 gawanya kwa 1 yenye sifuri 16, ukali ukipimwa kwa wati kwa kila sentimita mraba. Ni kidogo kiasi cha kuchekesha, mpaka ukali ufike mabilioni kwa mabilioni. Barabara ya udongo wakati wa masika haijali pikipiki ikipita. Lori lililojaa magunia ya lumbesa likipita, linachimba makorongo na lenyewe linazama humo na kupunguza mwendo. Barabara imebadilika kwa sababu ya uzito wa kinachopita, na kinachopita kinapambana na barabara iliyojibadilisha chini yake.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo rangi mpya zinapozaliwa kwa njia ya pili, na vitabu vingi huipita haraka. Mpigo unaanza hafifu, unapanda hadi kileleni, unashuka. Ndani yake kuna mawimbi, vilele vinavyofuatana. Chukua sehemu ya mbele, ambako ukali unapanda. Kilele cha kwanza kinacheleweshwa kidogo. Kinachofuata kimekuta ukali umezidi, kinacheleweshwa zaidi. Cha tatu zaidi tena. Nafasi kati ya vilele inapanuka, na wimbi lenye nafasi pana ni jekundu zaidi. Sasa nenda nyuma ya mpigo, ambako ukali unashuka. Kila kilele kinacheleweshwa pungufu ya kilichokitangulia, vinasogeleana, vinabanana, na wimbi lililobanana ni la bluu zaidi. Kwa hiyo mpigo ulioingia na rangi zake chache unatoka na nyekundu mpya mbele na bluu mpya nyuma, bila kuhitaji fuwele yenye upande wala pembe ya digrii 29. Mwaka 1970 Alfano na Shapiro waliusukuma mchezo huu mpaka mwanga wa rangi moja ukatoka ukiwa karibu mweupe.

Sasa viunganishe. Kwenye kioo ambako nyekundu ndiyo IST, nyekundu mpya iliyozaliwa mbele inakimbia mbele zaidi, bluu iliyozaliwa nyuma inabaki nyuma zaidi, na mpigo unapasuka haraka kuliko mtawanyiko peke yake ungeufanya. Lakini silika hiyohiyo, ukivuka nanomita kama 1,270, inageuza kibao: bluu ndiyo inayokimbia. Hapo bluu ya nyuma inaifukuzia nyekundu ya mbele, na vikilingana sawasawa mpigo hautawanyiki wala haujibani, unasafiri na umbo lake kilomita kwa kilomita. Huo unaitwa solitoni. Hasegawa na Tappert waliutabiri kwa nyuzi za kioo mwaka 1973, na mwaka 1980 Mollenauer na wenzake wakauona. Nyuzi zilizofukiwa pembeni ya barabara kuu kuelekea Tunduma hutumia mwanga wa karibu nanomita 1,550, upande huo huo wa kibao kilichogeuka. Mlinganyo wa maabara na mlinganyo wa mkongo wa intaneti ni mmoja.

Mlinganyo wenyewe, ukiuandika kwa kifupi, ni huu:

∂A/∂z = (D + N) A

A ni umbo la mpigo, z ni umbali ndani ya fuwele, D ni mtawanyiko, N ni ule ukali unaochimba barabara. Upande wa kushoto unauliza: nikisogea hatua moja ndogo, umbo litabadilikaje?

Angalia neno umbo. Sijasema wimbi. Wimbi la nanomita 800 linapanda na kushuka kila femtosekunde 2.67, na mpigo wa femtosekunde 100 una mizunguko kama 37 ndani yake. Ukitaka kuufuata kila mzunguko, kila mahali, katika pande zote tatu, jaribu kupiga hesabu: fuwele ya milimita 1 kwa urefu na sehemu ya kumi ya milimita kwa upana na kina, vijisanduku vya nanomita 20, unapata vijisanduku trilioni 1.25. Kila kimoja kinabeba namba sita za uga. Ni terabaiti 60 za kumbukumbu, na laptop yangu ina gigabaiti 8. Kwa hiyo tunaupuuza mtikisiko wa ndani na kufuata mstari wa nje tu, kama anayechora Mlima Rungwe kutoka mbali asihesabu miti. Tunapuuza pia mwanga unaorudi nyuma. Badala ya trilioni, namba 4,096 zinatosha kuubeba mpigo mzima. Kupuuza huku kuna mpaka wake: mpigo ukifika femtosekunde 5, mizunguko iliyobaki ndani yake haifiki hata miwili, na mstari wa nje wa kitu chenye mizunguko miwili unakuwa neno tu. Mwaka 1997 Thomas Brabec na Ferenc Krausz walionyesha jinsi ya kuurekebisha mlinganyo ufanye kazi hata kwa mzunguko mmoja. Krausz ni yuleyule aliyegawana Nobeli ya 2023 na Pierre Agostini na Anne L'Huillier, kwa mipigo mifupi kuliko femtosekunde.

Sasa tatizo. D ni rahisi ukiupanga mpigo kwa rangi zake: kila rangi inapewa ucheleweshaji wake, basi. N ni rahisi ukiupanga mpigo kwa muda: kila dakika ya mpigo, kama naweza kuiita dakika, inapewa ucheleweshaji kulingana na ukali wake, basi. Lakini huwezi kuupanga kwa rangi na kwa muda kwa pamoja, na fuwele haisubiri. Inafanya vyote viwili kila mahali.

Suluhisho analijua kila aliyewahi kusonga ugali. Ukimwaga unga wote kisha ukaanza kukoroga, utakula madonge. Unga kidogo, koroga kidogo, unga kidogo, koroga kidogo. Kompyuta inaugawa urefu wa fuwele katika vihatua, tuseme 2,000. Katika kila kihatua inajifanya kana kwamba kuna D peke yake, inautawanya mpigo kidogo, halafu inajifanya kuna N peke yake, inauchimbia makorongo kidogo, inasonga mbele. Kihatua kikiwa kifupi vya kutosha, uongo huu wa zamu kwa zamu unakaribia sana ukweli wa vyote kwa pamoja. Kuhama kutoka muda kwenda rangi na kurudi ni kazi ya Joseph Fourier, Mfaransa aliyeyaandika haya mwaka 1822 akiwa anahangaika na joto, na kompyuta inayafanya haraka kwa njia ya Cooley na Tukey ya 1965. Kwa namba 4,096, njia ya moja kwa moja ingedai mizidisho kama milioni 16.8, ya kwao inahitaji kama elfu 49. Bila njia hiyo, nisingethubutu.

Fourier ana mtego, na mimi nilinasa. Mwaka jana niliendesha mpigo wa femtosekunde 10 ndani ya sentimita 5 za kioo, dirisha langu la muda, yaani kipande cha muda ambacho kompyuta inakiangalia, likiwa na upana wa femtosekunde 1,000. Grafu ikanionyesha, mbele kabisa ya mpigo mkuu, vijipigo vidogo vinavyotangulia. Nilifurahi siku mbili. Nilimwandikia rafiki yangu kwamba nimeona kitu. Siku ya tatu, nikiwa kwenye bajaji narudi Uyole, nikakumbuka kwamba Fourier anauona muda wako kama shanga: mwisho wake umefungwa kwenye mwanzo wake. Mpigo wangu ulikuwa umerefuka hadi kama femtosekunde 500, mkia wake ukatoka kwenye ukingo wa kulia wa dirisha na kuingia upya kushoto, ukajifanya kitangulizi. Nilipanua dirisha mara nne. Vitangulizi vikatoweka, na ujumbe kwa rafiki ukawa umeshatumwa.

Kwenye fuwele kama BBO kazi inaongezeka, kwa sababu sasa kuna mipigo miwili, mama wa nanomita 800 na mtoto wa 400, kila mmoja na mlinganyo wake, na milinganyo imeshikana mikono: anachopoteza mmoja anapata mwenzake. Hata ukiikata fuwele kwa pembe sahihi na mawimbi yakaenda hatua kwa hatua, mipigo yenyewe haiendi pamoja. Katika kila milimita ya BBO mtoto anabaki nyuma ya mama kwa karibu femtosekunde 190. Mpigo wa mama ukiwa wa femtosekunde 100, kwenye fuwele ya milimita 2 mtoto aliyezaliwa mlangoni anaachwa mbali wakati mama bado anazaa wengine mbele. Unapata bluu nyingi, lakini imetandazwa kwenye muda mrefu. Ukitaka bluu fupi, fuwele iwe nyembamba, sehemu tu ya milimita, na ukubali kupata kidogo. Hakuna fomyula moja ya kukupa unene bora. Unaendesha modeli kwa unene mbalimbali, unatazama.

Modeli hukutahadharisha pia kabla hujaunguza kitu cha bei. Ukijumlisha ucheleweshaji wote wa N njiani na ukafika kama radiani 3, karibu nusu ya mzunguko mmoja wa wimbi, mpigo unaanza kujikusanya kwenye vidoa vikali na kuchimba fuwele yenyewe. Donna Strickland na Gérard Mourou walilikwepa hilo mwaka 1985 huko Rochester, kwa busara ya dereva mbele ya daraja bovu: msafara hauvuki umebanana. Waliurefusha mpigo kwanza kwa mtawanyiko, wakaukuza ukiwa mrefu na mpole, kisha wakaubana tena ng'ambo. Nobeli yao ilikuja 2018.

Yule msichana wa safu ya nyuma alikuja ofisini muhula uliofuata kuomba programu yangu. Nilimpa na zoezi moja: ageuze zamu ziwe nusu ya D, N nzima, nusu ya D, halafu akate kihatua nusu na kupima kosa limepungua kiasi gani. Nilimwambia akipata robo, programu ni nzima. Akipata nusu, kuna mahali ameharibu.

Alirudi asubuhi ya baridi. Nilikuwa nimeshika kalamu kwapani. Akafungua daftari: kosa la kwanza 0.0084, la pili 0.0043.

"Nusu," nikasema.

"Nusu, mwalimu. Lakini sijaharibu mimi. Mstari wa 61 ulikuwa hivyo ulivyonipa."

Nilifungua laptop. Mstari wa 61 ulikuwa unakokotoa ukali wa mpigo kabla ya ile nusu ya kwanza ya D, badala ya baada yake.